Laina kwenye bwawa la zamani la zege: kutambua hitilafu kwa dalili zake

Bwawa la kuogelea la zege lililojengwa zamani, kama yalivyo mengi katika nyumba na hoteli za ufukweni Tanga na Bagamoyo, hufikia wakati ambapo plasta yake haizuii tena maji, vigae vinabanduka, na mwenye bwawa anamlipa fundi kila mwaka azibe ufa uleule. Kulivika laina ya PVC, yaani kulifunika kwa ndani kwa tabaka la plastiki lisilopitisha maji, ni suluhisho zuri, na kwa bwawa ambalo zege lake bado lina nguvu ni nafuu kuliko kubomoa. Hata hivyo, malalamiko yanayofuata miezi michache baada ya kazi hufanana kutoka bwawa moja hadi jingine, na yakichunguzwa huonekana kwamba laina yenyewe ni nadra kuwa chanzo. Chanzo huwa nyuma yake: maji yaliyomo ardhini, zege lililochakaa, mabomba ya zamani, au vifaa ambavyo havikutengenezwa kushikana na laina.

Kabla ya kuchunguza dalili yoyote, fahamu una laina ya aina gani. Laina ya mfuko hutengenezwa kiwandani kwa vipimo vya bwawa, aghalabu ina unene wa milimita 0.5 hadi 0.75, na huning'inizwa kwenye reli iliyo juu ya ukuta. Laina yenye wavu ina unene wa milimita 1.5, ina wavu wa poliesta katikati, na hukatwa na kuunganishwa papo hapo bwawani kwa hewa ya moto. Kwa bwawa la zege lenye umbo lisilo la kawaida, kona zilizopinda na ngazi za zege, laina yenye wavu ndiyo ninayoishauri, hata kama bei yake ni kubwa zaidi, kwa sababu hufuata ukuta ulivyo na huvumilia zege lisilo nyoofu kabisa.

Onyo moja linahusu dalili zote: usikimbilie kuondoa maji yote bwawani ili "uone vizuri". Maji yaliyomo ndani ndiyo yanayoibana laina ukutani, na ndiyo yanayolizuia bwawa zima lisisukumwe juu na maji ya ardhini.

Laina imeinuka sakafuni au inayumba chini ya miguu

Hii ndiyo dalili inayoripotiwa zaidi pwani, na ndiyo inayotibiwa vibaya zaidi. Mwenye bwawa anaona laina imevimba upande wa kina kirefu, anaikanyaga, inahama kwenda upande mwingine, kisha fundi anakuja na wembe "kuitoa pumzi". Usikubali laina ikatwe. Maji yaliyo nyuma yatatoka kwa muda, kisha tundu hilo litapitisha maji ya bwawa kwenda nyuma, na utakuwa na hitilafu mbili badala ya moja.

Sababu ya kwanza kwa wingi ni maji ya ardhini. Ardhi ya pwani yetu, iwe mchanga au mwamba wa matumbawe wenye matundu, hupitisha maji kwa urahisi, na karibu na ufuo usawa wa maji ardhini hupanda na kushuka pamoja na bahari. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huzidi mita 3, na bamvua ikikutana na mvua za masika, kati ya Machi na Mei, maji ya ardhini hufika mahali ambapo hayafiki wakati mwingine wa mwaka. Laina huinuka pale ambapo maji ya nje yamezidi usawa wa maji yaliyo ndani. Tofauti ya sentimita 10 tu husukuma kila mita moja ya mraba ya laina kwa nguvu ya uzito wa takribani kilo 100.

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji kifaa chochote. Andika siku ambazo laina huinuka, kisha zilinganishe na siku za bamvua na za mvua kubwa. Ikiwa kuna kisima cha jirani, pima usawa wa maji yake kwa kamba yenye uzito wakati bahari imejaa, kisha upime tena baada ya takribani saa sita, bahari inapokuwa imekupwa. Kisima kikibadilika pamoja na bahari, na laina ikiinuka siku hizohizo, jibu unalo.

Sababu ya pili ni maji ya bwawa lenyewe kupita nyuma ya laina kupitia kifaa kinachovuja. Tofauti yake ni kwamba usawa wa maji bwawani hushuka wakati laina inapovimba, na uvimbe huanzia karibu na kifaa fulani. Ukivuta maji ya nyuma kwa mpira mwembamba na kuyapima kwa karatasi ya klorini, rangi ikitokea basi ni maji ya bwawa. Rangi isipotokea, usihitimishe kwamba si ya bwawa, kwa maana klorini huisha haraka inapokaa kwenye uchafu.

Sababu ya tatu ni maji ya mvua yanayoingia kutoka juu, kati ya ukingo wa bwawa na ukuta. Katika mabwawa ya zamani sakafu ya nje imetitia na sasa inamwagia maji bwawani badala ya kuyapeleka mbali. Mwaga ndoo kadhaa za maji kwenye ukingo siku kavu na utazame yanakokwenda. Tiba yake ni kurekebisha mteremko wa sakafu ya nje na kuziba ufa wa ukingo kwa mastiki ya kudumu. Haihusu laina hata kidogo.

Iko sababu ya nne, iliyo nadra lakini muhimu. Baadhi ya mabwawa ya zege yana valvu sakafuni inayofunguka yenyewe ili kuruhusu maji ya ardhini yaingie bwawani yanapozidi. Laina ikipita juu ya valvu hiyo, kila inapofunguka humwaga maji chini ya laina. Fundi asiyeijua huiziba kwa saruji. Hapo laina hutulia, lakini shinikizo lote sasa linabebwa na sakafu ya zege, na bwawa likitolewa maji siku ya bamvua, sakafu inaweza kupasuka au bwawa zima kuinuka. Suala la valvu hii liamuliwe na mhandisi aliyesajiliwa, si fundi wa laina.

Tiba ya maji ya ardhini huanza kwa subira: jaza bwawa hadi usawa wa juu kabisa unaoruhusiwa na usubiri maji ya nje yashuke. Katika mabwawa mengi laina hurudi yenyewe ndani ya siku chache, ingawa inaweza kuacha mikunjo. Tiba ya kudumu ni bomba la uangalizi, yaani bomba la PVC la milimita 110 lililotobolewa matundu sehemu ya chini, likafungwa geotekstaili (kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia mchanga) na kuzungushiwa kokoto, kisha likachimbiwa kando ya bwawa hadi chini ya usawa wa sakafu yake. Kupitia bomba hilo unaona maji yalipo, na unaweza kushusha pampu ndogo ya kuzamishwa kuyavuta. Bwawa lililo karibu na bahari linapaswa kuwa na bomba hili kabla ya laina kutandazwa, na ninasikitika kwamba ndilo linaloondolewa kwanza kwenye makadirio ya gharama.

Simama na umwite mhandisi ikiwa ukingo wa bwawa umeinuka kuliko sakafu ya nje, ikiwa ufa mpya umetokea kwenye sakafu ya nje kuzunguka bwawa, au ikiwa mabomba yameng'oka kwenye ukuta. Hizo ni dalili kwamba linalosogea ni zege.

Maji yanapungua

Kwanza hakikisha kwamba kweli yanavuja. Jua na upepo wa pwani huweza kuondoa milimita 5 na zaidi kwa siku, hasa wakati wa kaskazi. Jaza ndoo maji ya bwawa, iweke juu ya ngazi ya bwawa ili izame sehemu kubwa, weka alama ya usawa wa maji ndani ya ndoo na alama nyingine nje yake kwenye usawa wa bwawa, kisha subiri saa 24 bila mtu kuogelea. Yakishuka sawasawa ndani na nje, jua ndilo limeyachukua. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, linavuja. Na usidharau tofauti ndogo, kwa kuwa sentimita moja katika bwawa la mita 4 kwa 8 ni lita 320.

Rudia kipimo hicho mara mbili, pampu ikiwa inafanya kazi na ikiwa imezimwa. Upungufu ukiwa mkubwa pampu inapofanya kazi, shuku bomba linalorudisha maji bwawani. Ukiona viputo vya hewa kwenye kikapu cha pampu, shuku upande wa kuvuta. Upungufu usipobadilika, acha maji yashuke kwa muda bila kuongeza, ukiangalia yanaposimama. Yakisimama kwenye mdomo wa skima (tundu la ukutani linalovuta maji ya juu na uchafu unaoelea), kwenye tundu la kurudishia maji au kwenye ukingo wa taa, hapo ndipo pa kutazama. Usiyaache yashuke zaidi ya hapo wakati wa masika.

Mahali panapovuja mara nyingi zaidi ni kwenye vifaa. Bwawa la zege la plasta lilijengwa na matundu ambayo plasta iliyazunguka tu, lakini laina inahitaji flanji, yaani fremu inayoibana laina kwa skrubu, ikiwa na gasketi (mpira wa kuzuia maji) mbele na nyuma ya laina. Pale ambapo fundi ameacha kifaa cha zamani na kupaka silikoni kuzunguka laina, maji yatapita. Silikoni haishikani na PVC laini kwa muda mrefu chini ya maji. Ukaguzi wake ni rahisi: zima pampu, acha maji yatulie, kisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano dondosha rangi ya chakula taratibu karibu na kifaa. Rangi ikivutwa kuelekea mahali fulani, umepata tundu.

Kifaa chenye flanji kinachovuja kikazwe kwanza, kwa kuzungusha skrubu zinazotazamana kwa zamu ili gasketi ibanwe sawasawa. Ikishindikana, gasketi ibadilishwe. Tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu za daraja la 316, kwani zile za kawaida hufa upesi kwenye hewa ya chumvi, hasa bwawa likijazwa maji ya kisima yenye chumvichumvi.

Baada ya vifaa ndiyo yafuate mabomba. Mabomba ya chuma yaliyofukiwa tangu bwawa lijengwe huoza bila kuonekana, na kuweka laina mpya juu ya bomba bovu ni kutupa fedha. Yapimwe kwa shinikizo kabla ya laina kuwekwa, na yakishindwa, yabadilishwe kwa PVC. Viungo vya laina na matundu madogo huja mwisho. Tundu la laina ya mfuko huzibwa hata chini ya maji kwa kiraka cha PVC chenye kona za mviringo na gundi maalumu. Kwa laina yenye wavu, kiraka hicho ni cha muda tu hadi sehemu hiyo ikaushwe na kuunganishwa kwa moto.

Taa ina onyo lake. Maji hupenda kupita kwenye bomba la waya nyuma ya taa, lakini usifungue taa kabla umeme haujakatwa kwenye swichi kuu. Mtu yeyote akihisi ganzi au mtetemo anapogusa maji, ngazi ya chuma au pampu, watu wote watoke, umeme ukatwe, na bwawa lisitumike tena mpaka fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, alikague. Hapa hakuna jaribio la mwenye bwawa.

Mikunjo

Mikunjo iliyokuwepo tangu siku ya kwanza ni ya vipimo au ya utandazaji. Laina ya mfuko hupaswa kuvutwa ukutani kwa mashine ya kufyonza hewa nyuma yake wakati maji yanaingia, na mashine hiyo isizimwe hadi sakafu yote ifunikwe na maji ya sentimita 20 au 30. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kama ilivyo kawaida, laina huregea na kujikunja, kwa hiyo jenereta iwe tayari kabla ya kuanza. Joto nalo huchangia: laina iliyoachwa juani hulainika na kutanuka.

Mikunjo iliyotokea baadaye, kwenye laina iliyokuwa nyoofu, huwa imeletwa na maji ya nyuma yaliyoelezwa juu, au na maji yenye asidi. Pima pH, yaani kipimo cha asidi ya maji. Maji yaliyokaa chini ya 7.0 kwa muda mrefu huifanya PVC inyonye maji na kutanuka, na vidonge vya klorini vinavyoyeyuka polepole hushusha pH bila mwenye bwawa kugundua. Irudishe kati ya 7.2 na 7.6, na kiasi cha alkali, ambayo huzuia pH isiyumbe, kiwe kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita. Hilo huzuia mikunjo mipya. Ya zamani haitaondoka.

Mkunjo mdogo wa laina ya mfuko unaweza kusukumwa kuelekea ukutani kwa miguu mitupu au kuvutwa kwa mpira wa kuzibulia choo ambao ni mpya. Laina yenye wavu haivutiki namna hiyo. Mkunjo wake ukiwa mkubwa kiasi cha kumkwaza mtu, sehemu hiyo hukatwa na kuunganishwa upya.

Viungo vinafumuka au laina imeachia juu

Viungo vya laina yenye wavu vinapofumuka, chanzo cha kwanza ni unyevu na chumvi. Upepo wa bahari huacha utando wa chumvi juu ya laina usiku kucha, na fundi akianza kazi asubuhi bila kuifuta kwa asetoni, moto huyeyusha PVC juu ya uchafu. Chanzo cha pili ni umeme mdogo: mashine ya hewa ya moto iliyounganishwa kwa waya mrefu na mwembamba hupoteza joto, ingawa kipimo chake bado kinaonyesha namba ileile. Cha tatu ni upepo wenyewe, ambao hupoza kiungo kabla rola haijakibana. Kwa hiyo kazi ifanyike asubuhi upepo ukiwa umetulia, au nyuma ya kizuizi cha turubai.

Kila asubuhi, na kila mashine inapohamishwa, fundi aunganishe vipande viwili vya majaribio, aviache vipoe, akate utepe wa sentimita 2 na kuuvuta. Utepe ukiachana kwenye kiungo, joto halikutosha. Ukichanika hadi wavu ukaonekana, kiungo ni kizuri. Laina zipandane angalau sentimita 5, na viungo vyote vikaguliwe kwa ncha butu ya chuma baada ya kupoa, kabla ya kupakwa PVC ya kimiminika. PVC hiyo hulinda ukingo wa kiungo. Haigeuzi kiungo kibovu kuwa kizima, na fundi anayeipaka kabla ya ukaguzi anaficha kazi yake.

Laina ya mfuko iliyochomoka kwenye reli hulainishwa kwa maji ya moto na kurudishwa kwa mkono. Ikichomoka tena na tena, ama reli imepanuka, ama laina ilisinyaa bwawa lilipoachwa tupu. Reli ikitoka pamoja na skrubu zake, zege la ukingo limekuwa unga, na kuongeza skrubu hakutasaidia. Zege hilo lichongwe kwa tindo hadi lililo gumu, nondo zenye kutu zisafishwe na kupakwa dawa, kisha ukingo ujengwe upya kwa zege jipya lililokomaa kabla ya reli kurudi.

Kazi ya kusafisha zege kwa asidi na ya kupaka gundi ifanyike bwawa likiwa na hewa inayopita. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, na hujikusanya sehemu ya kina kirefu. Asiachwe mtu peke yake chini, na akilalamika kizunguzungu atoke mara moja.

Madoa

Mstari mweusi wenye mafuta kwenye usawa wa maji ni mafuta ya kujipaka, ya nazi yakiwemo, na husafishwa kwa sponji laini na sabuni isiyo na chembe za kukwaruza. Steelwaya, petroli na tina visitumike kabisa. Doa la kahawia lililo juu ya laina kwa kawaida ni chuma kutoka kwenye maji ya kisima; lisugue kwa kidonge cha vitamini C, na likififia umethibitisha. Tiba ni dawa ya kukamata madini kabla ya klorini kuongezwa, na kubadili chanzo cha maji inapowezekana.

Doa lisilobadilika kwa kusugua wala kwa klorini liko nyuma. La rangi ya kijivu, nyeusi au waridi ni vijidudu vilivyoota kati ya laina na zege, kwa sababu zege halikuuliwa ukungu au geotekstaili inayotandikwa chini ya laina iliwekwa ikiwa mbichi. La kahawia lenye umbo la mstari mnyoofu ni nondo inayooza. Meusi yasiyo na umbo maalumu yanaweza kuwa lami au rangi ya mpira iliyobaki ukutani, ambayo hunyonya mafuta ya PVC na kuifanya ikakamae. Madoa haya hayaondoki bila kufungua laina. Yakiwa machache, subiri wakati wa kubadili laina. Ya nondo pekee hayangoji, kwa kuwa kutu hutanuka na kupasua zege, na hapo mhandisi agonge ukuta na kupima ni eneo kiasi gani limeharibika.

Weupe uliotokea kama matone au michirizi sakafuni ni alama ya klorini ya unga iliyotupwa moja kwa moja bwawani, na rangi hiyo hairudi. Unga uyeyushwe kwanza kwenye ndoo, ukitia unga kwenye maji na si maji kwenye unga, na usiwahi kuchanganywa na vidonge vya klorini vya aina nyingine, hata kwa kutumia kikombe kimoja, kwa sababu mchanganyiko huo unaweza kuwaka moto au kulipuka.